UZI: Hakathoni imeisha, hundi imepigwa picha. Sasa nani anabaki na developa?

#1 Kibamba Juu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mwaka 2022 mimi na wenzangu watatu tulishika nafasi ya pili kwenye hakathoni moja, yaani shindano la siku tatu la kutengeneza programu, hapa Dar. Shindano silitaji na aliyeliandaa simtaji, maana tukianza majina uzi utaishia hapo. Tulikesha, tukala pilau ya bure, tukanadi wazo mbele ya majaji kwa dakika tano, tukashikishwa hundi ya ubao yenye kimo cha mtoto wa darasa la tatu. Milioni tatu. Hela yenyewe iliingia miezi mitano baadaye, tukagawana watu wanne, ikaishia kwenye kodi za vyumba.

Programu yetu ni ndogo. Inamkumbusha mfugaji wa kuku tarehe za chanjo. Unaandika siku vifaranga walipoingia bandani, yenyewe inahesabu: siku ya 7 kideri, ya 14 Gumboro, ya 21 kideri tena, ya 28 Gumboro tena. Kwa kuku wa kienyeji inakumbusha tone la jicho kila miezi mitatu. Kuna na daftari la chakula na mayai. Basi, hamna maajabu mengine. Lakini ilifika kwa wafugaji kama 340, na kwangu mimi hao walikuwa wengi kuliko ukumbi wote wa shindano.

Leo haipo dukani, yaani Play Store ya Google. Watu wakisikia hivyo wanasema "mlikosa mtaji". Hapana. Ilikufa kwa vitu vidogo vidogo ambavyo hakuna jaji anayeviuliza.

Kwanza ikanyamaza. Kuanzia Android 13, iliyotoka mwaka uleule 2022, programu mpya haiwezi kutoa taarifa mpaka mwenye simu aguse "ruhusu". Mfugaji akiona swali asilolielewa anagusa "hapana". Programu ya kukumbusha isiyokumbusha! Android 14 ikaja ikabana na kengele zinazolia dakika ileile uliyoipanga. Ongeza simu zetu hizi za Tecno, Infinix na Itel, zinavyopenda kuzima kila kinachofanya kazi chinichini ili betri idumu.

Pili, kila mwaka Google inapandisha kiwango. Agosti 31, 2025 programu mpya na masasisho yote yalitakiwa yalenge Android 15, yaani yafuate masharti ya toleo hilo. Ukiiacha programu yako ilale, wenye simu mpya hawaioni tena dukani. Maana yake hata kama hakuna hitilafu, kila mwaka lazima mtu akae siku kadhaa aifungue, airekebishe, aijaribu upya. Nani anamlipa huyo mtu?

Tatu, na hili ndilo la aibu: akaunti ya Play ilifunguliwa kwa jina la mwenzetu, kwa sababu ndiye aliyekuwa na kadi ya benki ya kulipia zile dola 25. Akapata kazi mkoani, barua pepe za Google za kuhakiki utambulisho hakuzisoma, akaunti ikafungwa. Programu ikaenda nayo. Jina la kifurushi, yaani kitambulisho cha programu ndani ya duka, haliwezi kutumika tena, kwa hiyo hata nikiirudisha, wale 340 hawatapata sasisho. Naanza sifuri.

Nimeamua kuirudisha, peke yangu, usiku baada ya kazi. Nauliza wenye uzoefu: shindano likishaisha, msaada gani hasa unamfaa mtu kama mimi? Msiniambie "tafuta mwekezaji". Mwekezaji gani anakuja Kibamba kwa ajili ya kideri?

#2 Tairi Bovu

Nyie ndio mlikuwa namba mbili, namba moja yuko wapi?

#3 Kibamba Juu (mleta uzi)

Anauza vipuri vya pikipiki Kariakoo. Ana maisha mazuri kuliko mimi, tuendelee.

#4 Mzee wa Hesabu

Mleta uzi, nitasema usichopenda. Programu nyingi za mashindano zinastahili kufa. Nimewahi kualikwa kutoa maoni kwenye matatu ya hayo. Unakuta vijana sita, programu ya kuita bodaboda ya tatu kwa wiki hiyo, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukaa kijiweni na bodaboda kwa saa moja akamsikiliza. Wazo limeokotwa Ijumaa jioni kwa sababu mada ya shindano ilikuwa "usafiri". Kwa nini mtu alisaidie hilo?

Programu ni biashara. Kama hakuna wa kuilipia, hiyo ni sanamu. Nani analipa kwako?

#5 Kibamba Juu (mleta uzi)

Mkuu, nusu ya maneno yako nakubali. Ya bodaboda tulikuwa nayo hata sisi, tukaiacha Jumamosi asubuhi. Ya kuku ilitoka kwa mama wa mwenzetu aliyepoteza kuku 90 kwa kideri ndani ya siku tano. Kwa hiyo mwenye shida tulikuwa naye.

Swali la nani analipa, sina jibu. Sijawahi kumuuliza mtu.

#6 Nilikuwa Upande wa Pili

Nimeandaa mashindano kama hayo kwa miaka minne, nimeacha, kwa hiyo naweza kusema.

Hela ya shindano inatoka kwa mfadhili na ina mwaka wake wa fedha. Ripoti anayoitaka ina maswali haya: washiriki wangapi, wanawake asilimia ngapi, timu ngapi zimefundishwa, picha ziko wapi. Sijawahi, narudia, sijawahi kujaza ripoti inayouliza programu ngapi bado zinatumika baada ya miezi 12. Kisichoulizwa hakiwekewi bajeti. Ukumbi, chakula, fulana na mshereheshaji vilikuwa vinakula kuliko zawadi zote za washindi.

Baada ya hapo tulikuwa tunawapa washindi "malezi" ya miezi mitatu. Ukweli wa malezi yale: mtu mwenye koti anakuja Alhamisi, anawafundisha kuchora mchoro wa biashara wenye visanduku tisa. Vijana walikuwa wanahitaji kadi ya kulipia dola 25, simu tano za bei rahisi za kufanyia majaribio, na mtu wa kuwapeleka kwa mfugaji. Simu tano! Niliomba mara mbili zinunuliwe, nikaambiwa vifaa havimo kwenye kasma.

Ningekuwa naanza leo, zawadi ningeikata vipande. Theluthi siku ya ushindi, theluthi programu ikiwa dukani, theluthi baada ya miezi sita kama kuna watu bado wanaifungua. Na akaunti ya duka ifunguliwe kwa jina la timu kabla hundi haijapigwa picha.

#7 Tairi Bovu

Wewe hela ya mkupuo mmoja ilichukua miezi mitano kumfikia mleta uzi. Ukiikata mara tatu si atalipwa na mjukuu wako?

#8 Nilikuwa Upande wa Pili

Umenipata. Basi iwekwe benki kwa jina la timu kabla shindano halijaanza, masharti yaandikwe. Asiyeaminika kulipa mara moja hataaminika kulipa mara tatu, hilo nakubali.

#9 Jirani wa Ngong Road

Habari zenu ndugu wa Bongo. Niko Nairobi, na nimekuwa kwenye haya mambo tangu iHub, kituo cha wabunifu wa teknolojia, ifunguliwe mwaka 2010 pale jengo la Bishop Magua. Wakati ule kila wikendi kulikuwa na shindano. Siku hizi iHub iko chini ya CcHUB, kituo kama hicho cha Lagos, tangu 2019, na sisi tuliokuwa vijana tuna vitambi.

Nawapa mifano miwili ya mwaka huo wa 2010. iCow ilishinda shindano la Apps4Africa. Mwanzilishi wake, Su Kahumbu, alikuwa tayari mtu wa kilimo hai kwa miaka, kwa hiyo ng'ombe hawakuwa mada ya Ijumaa. Na ilianza na simu za kawaida kabisa, ikimkumbusha mfugaji siku za mimba ya ng'ombe. Mleta uzi, wewe na iCow ni ndugu, mmetofautiana mnyama tu. Mfano wa pili ni M-Farm ya bei za mazao, wasichana watatu waliojuana kupitia AkiraChix, kundi la wanawake wa teknolojia, wakashinda shindano la IPO48, yuro 10,000. Zile pesa zilikuwa mtaji wa kuanzia kazi, si pongezi. Hiyo tofauti mnaiona? Mshindi alitoka pale akiwa amewekewa pesa ya kufanyia kazi kesho yake asubuhi.

Lakini nilichokuja kusema ni malipo. Huku kwetu mazingira ya majaribio ya Daraja, yaani API (mlango wa kuunganishia programu) ya M-Pesa, yako wazi kwa yeyote. Kijana anaunganisha usiku mmoja, jaji anaona simu inaomba namba ya siri, ukumbi unapiga makofi. Kwenda hewani sasa, unatakiwa uwe na paybill au till yako, yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo, na ili upate hiyo unahitaji karatasi za biashara. Hapo ndipo nimeona timu nyingi zikikwama, na si kwa kukosa ujuzi. Mtu mmoja anayejua njia ya makaratasi, akikaa nao siku mbili, anawafaa kuliko walezi kumi.

Na mkumbuke wanafunzi. Mwaka 2017 wasichana watano wa Kisumu Girls, The Restorers, walifika hadi California kwa shindano la Technovation na programu yao ya I-cut dhidi ya ukeketaji. Dunia nzima iliandika. Msichana wa sekondari anarudi kutoka California anakuta mtihani wa kidato cha nne unamsubiri. Nani anashika programu wakati yeye anasoma kemia? Hilo ni swali la waandaaji, si la watoto.

#10 Mama Kuku Kibaha

Nimeletewa huu uzi na kijana wangu. Wewe mwanangu wa Kibamba, hiyo programu yenye jogoo mwekundu pale mwanzo?

Mimi bado ninayo.

#11 Kibamba Juu (mleta uzi)

Mama shikamoo! Unayo vipi na ilishatolewa dukani?

#12 Mama Kuku Kibaha

Marahaba. Nilirushiwa kwa Xender na jirani, nikaiweka kwenye Itel ya zamani. Simu imepasuka kioo, laini haina, lakini siitupi kwa sababu ya kuku. Inalia kama kawaida. Simu mpya aliyoninunulia kijana nilirushia ikagoma kulia, nikajua nimeharibu mimi.

Sasa kwa kuwa nimekupata nikwambie. Hesabu yako ya siku iko sawa. Kasoro yako iko kwenye chupa. Mimi nina kuku 60. Chupa ya chanjo ni ya kuku mia na kuendelea, na ukishaichanganya ni masaa tu, haihifadhiki. Nikinunua peke yangu nusu namwaga chini. Kwa hiyo huwa tunachanga majirani watatu, lakini tunakosana tarehe. Wa huyu wana siku saba, wa yule wana kumi na mbili. Programu inajua tarehe zangu na inajua tarehe za mwenzangu, lakini haitukutanishi. Ingeniambia jirani gani anachanja wiki hii, ningekulipa.

Na kulipa ningekulipa tangu zamani. Kila nikiingiza vifaranga ningekutumia elfu tano. Hukuniomba. Namba yako haimo humo, nilitafuta.

#13 Mzee wa Hesabu

Mleta uzi, umesoma hapo? Rudia kusoma. Mama amekupa kwa aya moja kilichokushinda miaka mitatu.

Sasa hesabu. Ukimuuzia huduma ya ndani ya programu kupitia Play, malipo yanatakiwa yapite kwenye mfumo wa Google, nao wanakata asilimia 15 kwenye dola milioni 1 za kwanza kwa mwaka. Hiyo milioni huifikii leo, usiiote. Tatizo kubwa ni kwamba wateja wako hawana kadi. Lakini bidhaa ya kushikika haibanwi na sharti hilo. Chupa ya chanjo inashikika. Kwa hiyo anayekulipa si mama, ni duka la dawa za mifugo linalopata oda ya chupa nzima kutoka kwa majirani watatu badala ya kumkosa kila mmoja. Nenda maduka matatu ya pale Kibaha Maili Moja, uliza chupa ngapi zinapita muda wake kwenye friji zao.

Ile ya sanamu naifuta.

#14 Wakili Chini ya Mwembe

Kwa haraka tu, maana kesho nina shauri.

Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inalinda programu za kompyuta, na haki inazaliwa ukishaandika. Kwa hiyo wewe na wenzako watatu mna haki kwenye ile ya mwanzo. Kabla hujaitoa tena, andikeni ukurasa mmoja: nani anabaki, nani anaachia, akiachia anapata nini. Msaini. Urafiki wa hakathoni una tabia ya kufufuka programu ikianza kuingiza hela. Tafuta pia zile kanuni za shindano ulizosaini Ijumaa usiku bila kusoma. Nyingine zina kifungu kinachompa mwandaaji haki ya kutumia kazi yako.

Hilo wazo la mama la kukutanisha majirani ni zuri, lakini sasa unamwonyesha mtu taarifa za mtu mwingine: yuko wapi, ana kuku wangapi. Wezi wa kuku nao wana simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu. Omba ridhaa kwa maneno yanayoeleweka, onyesha mtaa tu usionyeshe nyumba, na jina litoke pale wote wawili wakikubali.

#15 Mwalimu wa Likoni

Mimi si mtu wa kompyuta, nasomesha Kiswahili Mombasa. Jirani wa Ngong Road ndiye aliyenivuta humu. Naona mwazungumza pesa na sheria, hakuna aliyegusa maneno. Mleta uzi, waweza kuweka picha za kurasa za programu yako?

#16 Kibamba Juu (mleta uzi)

Nimeweka, mwalimu. Ziko saba.

#17 Mwalimu wa Likoni

Nimeziona. Kitufe cha mwisho kimeandikwa "Wasilisha". Mfugaji hawasilishi, atuma au ahifadhi. Andika "Hifadhi". Ukurasa wa pili: "Ingiza taarifa sahihi za kundi lako". Kundi gani tena, la WhatsApp? Sema "Una kuku wangapi?" Na pale unapoomba ruhusa ya kulia, umeandika "Programu inahitaji ruhusa ya arifa". Ndiyo maana wakagusa hapana. Kabla simu haijauliza swali lake, weka ukurasa wako mwenyewe wenye maneno haya: "Ukitaka nikukumbushe siku ya chanjo, simu itakuuliza swali. Gusa Ruhusu."

Nakupa jioni mbili wiki hii, tupitie zote. Malipo yangu ni mayai nikija Kibaha.

#18 Kibamba Juu (mleta uzi)

Mwalimu, hapo kwenye arifa nimecheka peke yangu kwenye daladala. Niliwalaumu Android miaka miwili kumbe tatizo lingine lilikuwa sentensi yangu.

Sasa naomba nilichokuwa naona haya kukiomba. Akaunti yangu mpya ni ya mtu binafsi. Akaunti za aina hiyo zilizofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023 haziruhusiwi kutoa programu kwa umma moja kwa moja. Lazima kwanza upate wajaribu, wakae nayo siku 14 mfululizo. Walikuwa 20, Desemba 2024 wakapunguza hadi 12. Mtu akijitoa katikati ukabaki na 11, hesabu inaharibika. Mimi nina watatu, na mmoja ni mke wangu.

Sitaki wa kununua. Yapo makundi Telegram yanauza wajaribu, wanaingia, hawafungui chochote, na Google ikiuliza umejifunza nini kwao huna la kusema. Nataka watu wenye kuku, au wenye simu za bei ndogo.

#19 Mama Kuku Kibaha

Niandike wa nne. Na jirani zangu wawili.

#20 Tairi Bovu

Wa saba. Kuku sina, nina bata. Inafaa?

#21 Kibamba Juu (mleta uzi)

Inafaa, mradi uifungue kila siku na uniambie ikikwama.

#22 Jirani wa Ngong Road

Wa nane, na dada yangu Machakos wa tisa, ana kuku 200. Kwa wengine watakaojiunga: msaada wa mjaribu si kuandika "haifanyi kazi" na nyota moja. Andika aina ya simu, toleo la Android, uligusa wapi, ukaona nini, na picha ya skrini. Hayo yanaokoa usiku mzima wa developa. Na usibadilishane nyota na mtu, inakatazwa, watamfungia.

#23 Nilikuwa Upande wa Pili

Wa kumi. Nina simu tatu za zamani kwenye droo, nitakuletea Mbezi Jumamosi, si za kuazima. Nimewaandikia pia wenzangu wa zamani kwamba mwaka huu kabla ya kutangaza washindi wajibu swali moja: mwezi wa saba baada ya shindano nani atakuwa anapokea simu za washindi. Hawajajibu bado.

#24 Kibamba Juu (mleta uzi)

Mrejesho wakuu, siku ya sita.

Tulifika 13. Mwalimu alibadilisha maneno kwenye kurasa zote saba. Kati ya wajaribu kumi waliofika kwenye swali la ruhusa, tisa wamegusa Ruhusu. Wa kumi ni Tairi Bovu, anasema alitaka kuona itakuwaje.

Karatasi ya wenzangu tumesaini wawili, wa tatu amesema yeye anataka tu jina lake libaki pale kwenye "Kuhusu sisi". Wa mkoani hajapokea simu.

Nilienda maduka matatu Maili Moja. Wawili walinisikiliza. Mmoja alifungua friji akanionyesha chupa nne za kideri zilizopita muda, akauliza naanza lini.

Tatizo la leo: jirani mmoja wa Mama Kuku simu imeanguka kwenye ndoo, na mwingine kajitoa jana usiku kwa bahati mbaya wakati anafuta picha. Nimebaki na 11. Nahitaji mmoja kabla ya usiku huu, ikiwezekana awe na Itel au Tecno yenye Android 13 kwenda juu. PM iko wazi.

#25 Mama Kuku Kibaha

Subiri, namwamsha kijana.